Uliza Daktari wa Wanyama: Jicho la Kashata halikauki

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, naishi Pangani. Mwanzoni mwa masika nilimwokota mtoto wa paka kwenye diko la samaki, anapiga chafya mfululizo na macho yote mawili yamegandana kwa tongotongo. Nilimsafisha, nikamlisha mchuzi wa dagaa, akainuka. Sasa ana kama miezi mitatu, anarukaruka juu ya vitambaa vya wateja, na watoto wamempa jina Kashata. Lakini jicho la kulia limebaki kutoa maji. Si usaha, ni maji matupu, yanateremka kando ya pua mpaka manyoya ya hapo yamekuwa ya kahawia. Jirani yangu aliyejifungua alinipa maziwa yake nikamdondoshea, wapi. Nikajaribu chai ya rangi iliyopoa, vilevile. Mwisho mama mkwe akanipa matone yake yaliyobaki tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwanzo wekundu uliondoka, nikafurahi. Kisha Kashata akaanza kulifumba lile jicho na kulipikicha kwa mkono, nikaacha. Sasa amelifumbua tena, ila maji yako palepale. Mama mkwe anasema hivyo ni vikope, nimtoe nyumbani kabla watoto hawajaambukizwa. Je, ni kweli? Na huyu paka atakuwa chongo?

Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na watoto, maana najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Vikope, yaani trakoma, ni ugonjwa wa binadamu. Bakteria wake huhamia kwa mikono, kwa kitambaa cha uso kinachotumiwa na watu wengi, na kwa nzi wanaotua machoni. Paka haugui vikope na hawezi kuwapa watoto wako. Paka wana klamidia yao wenyewe, ndugu wa huyo wa vikope, na ni nadra sana kumpata mtu. Virusi vya mafua ya paka, ambavyo ndivyo ninavyovishuku zaidi hapa, havimpati binadamu kabisa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakishamshika, wasimlaze usoni jicho likiwa linatiririka, basi. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba Kashata anabaki.

Sasa kile kichupa. Kitoe ndani ya nyumba leo, na mama mkwe mwenyewe asikitumie tena. Matone ya baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida huwa na steroidi, mara nyingi deksamethasoni. Kazi ya steroidi ni kutuliza uvimbe, na inautuliza kwa kuzuia kinga ya mwili isifanye kazi pale jichoni. Ndiyo maana uliona wekundu umeondoka. Lakini ugonjwa haukuondoka, uliachiwa uwanja. Kama kuna virusi, vinazaliana bila mpinzani. Kama kuna mkwaruzo kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, haufungi, unazidi kuchimbika. Paka kufumba jicho na kulipikicha maana yake linamuuma. Uliacha kwa wakati, na nakushukuru kwa niaba yake.

Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeyaondoa kwa kisu macho ya paka wengi wadogo ambayo yangepona, na kila mara ninapouliza alitiwa nini, jibu ni matone yenye deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni. Yanauzwa kwa urahisi, yanafanya kazi haraka kwa macho, na hayo ndiyo yanayowadanganya watu. Dawa ya jina hilo haingii jichoni mwa paka mpaka daktari awe amepima kwanza kuwa konea ni nzima.

Tuje kwenye maji yenyewe. Umeniandikia mambo matatu yanayonisaidia hata bila kumwona. La kwanza, alianza na chafya na macho yote mawili. Hayo ni mafua ya paka, na kwa paka wadogo chanzo kikubwa ni virusi vya herpesi vya paka. Karibu kila mtoto wa paka anayezaliwa penye paka wengi, iwe dikoni au sokoni, hukutana navyo. Akishaambukizwa anabaki navyo maisha yote, vimejificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, na huamka akipata shida: akihamishwa nyumba, akiletewa paka mgeni, akiwa na njaa, akifanyiwa upasuaji, au akitiwa zile steroidi.

La pili, sasa jicho liko wazi na maji ni safi. Hapa ndipo pa kutazama kila siku. Mpeleke Kashata mlangoni penye mwanga, mtazame uso kwa uso. Je, jicho la kulia limefumbuka sawasawa na la kushoto? Linang'aa, au lina ukungu mahali? Ukiona amelifumba hata nusu, au kuna chamba cheupe au cha buluu, au maji yamegeuka manjano mazito, hiyo ni safari ya daktari siku hiyohiyo. Kidonda cha konea kwa mtoto wa paka kinaweza kutoboa jicho ndani ya siku chache. Jicho lenye maji lakini liko wazi, linang'aa na halimsumbui, hilo linakupa nafasi ya kupanga safari yako bila kukimbia.

La tatu, ni jicho moja tu na haliachi. Klamidia nayo hupenda kuanza jicho moja, lakini kwa kawaida jicho la pili hufuata baada ya siku kadhaa, na utando wa ndani ya kope huvimba sana. Wewe hukutaja uvimbe. Kwa hiyo nafikiria njia ya kutolea maji.

Machozi hutengenezwa mchana na usiku, kwa paka na kwa mtu, na yana bomba lake kama la maji ya bafuni. Kwenye kona ya ndani ya jicho kuna vitundu viwili, kimoja kope la juu na kingine la chini, vinaingia kwenye mrija mwembamba unaoshuka mpaka ndani ya pua. Herpesi inapomshika paka akiwa mchanga sana, utando wa kope huchubuka, na katika kupona unaweza kugandana wenyewe kwa wenyewe, hata kushikana na konea. Vitundu vinafunikwa. Jicho limepona, halina ugonjwa, lakini machozi hayana pa kupita ila usoni. Ile rangi ya kahawia ya manyoya si uchafu wala damu, ni rangi iliyomo kwenye machozi yenyewe, inabaki maji yakikauka.

Kipimo chake ni chepesi. Daktari anagusisha jichoni kikaratasi chenye rangi ya fluoresini. Kama konea ina kidonda, mahali pale panang'aa kijani chini ya taa ya buluu. Kisha anasubiri dakika tano mpaka kumi na kutazama pua: rangi ikitokea kwenye tundu la pua la upande ule, mrija uko wazi. Isipotokea, huenda umeziba, ingawa kuna paka wazima ambao rangi inawashukia kooni isionekane. Nenda kwanza idara ya mifugo ya halmashauri yenu hapo Pangani kabla ya kukata nauli ya Tanga mjini. Wakikuambia hawana vikaratasi hivyo, kliniki za macho za hospitali za binadamu huwa navyo, na daktari wa mifugo anaweza kuwaomba kimoja. Mwombe pia achungulie ndani ya kope zote mbili. Pengine kuna kope ambalo ukingo wake umejikunja ndani na nywele zinasugua jicho, au paka amezaliwa bila kipande cha kope la juu. Hayo hayaponi kwa dawa ya kudondoshea, yanataka kushonwa.

Akikuta klamidia, au akiishuku, dawa yake ni doksisaiklini ya kumeza, wiki nne kamili hata kama jicho limekauka wiki ya kwanza, na paka wote wa nyumba watibiwe pamoja. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini husaidia, lakini peke yake hayamalizi. Vidonge vya doksisaiklini vya binadamu ni vikubwa mno kwa paka mdogo, kwa hiyo kipimo akitoe daktari kwa mizani. Kila ukimmezesha, mfuatishie maji kama mililita tano kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au mpe chakula papo hapo. Kidonge hicho kikikwama kwenye koo la paka kinaunguza, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula.

Na kama ni mrija ulioziba kwa makovu? Nitakuambia kama nilivyowaambia wengine ana kwa ana. Kuuzibua kunahitaji paka alazwe kwa dawa ya usingizi na kupitishiwa maji kwa kimrija chembamba sana. Kwa paka wa umri wa Kashata tundu lenyewe ni dogo kiasi kwamba mara nyingi tunasubiri akue, na penye kovu la herpesi mara nyingi mrija hujifunga tena. Paka wengi huishi mpaka uzee na jicho la maji, wanawinda, wanazaa, hawaumwi. Si chongo huyo. Anaona vizuri. Anataka kufutwa uso tu.

Namna ya kumfuta: chemsha maji nusu lita, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, bapa, si cha mlima. Yaache yapoe kabisa. Chovya pamba, ikamue, futa kutoka kona ya ndani kuelekea nje mara moja, itupe. Jicho la pili, pamba mpya. Kisha mkaushe na kitambaa laini, maana ngozi inayokaa na unyevu huchubuka na kunuka, na kwa joto letu la pwani nzi hawachelewi. Tengeneza maji mapya kila siku. Maziwa ya mama na chai viache: maziwa ni chakula cha bakteria, chai si safi kama inavyoonekana, na vyote viwili vinakupotezea siku ambazo kama ni kidonda huna.

Umesema unashona ndani. Vumbi la vitambaa, moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuwasha, hata ubani na udi wa jioni, vyote huongeza machozi kwenye jicho lililokwisha kuugua. Mtafutie pa kulala mbali na cherehani, na udi ukiwaka atoke nje kwanza.

Mchanje. Chanjo ya mafua ya paka hutolewa kuanzia wiki ya sita mpaka ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kashata bado yumo. Haitafuta virusi alivyo navyo, ila inapunguza ukali vikiamka, na jicho la maji si kizuizi maadamu anakula na anacheza. Miezi mitatu ndiyo umri wa chanjo ya kichaa cha mbwa pia, kwa hiyo ulizia zote mbili kwa safari moja.

Na hili nawaomba wasomaji wote: paka akiumwa jicho, msimpe parasetamoli kupunguza maumivu. Kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua. Wala msimpe vidonge vya asiklova kwa kuwa mmesikia neno herpesi. Ni sumu kwa paka. Ipo dawa nyingine ya jamii hiyo ambayo paka anaivumilia, na ni ya daktari kuiandika.

SWALI: Daktari, nina paka wa Kiajemi, ana miaka minne, macho yote mawili yanalowa kila siku tangu mdogo. Duka la wanyama hapa wananiuzia unga wa laisini, kirutubisho wanachosema kinazuia herpesi ya paka, kila mwezi. Niendelee?

Msomaji, Maskati

JIBU: Acha kununua, ndugu yangu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti zote zilizokuwepo kuhusu laisini na herpesi ya paka, wakaona haizuii wala haitibu. Paka wako ana pua fupi. Uso uliobanwa hivyo unaukunja mrija wa machozi na kuyasukuma macho nje, ndiyo maana yanalowa pande zote mbili bila ugonjwa. Mfute asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi niliyoeleza hapo juu, mkate nywele za kona ya jicho kwa mkasi wenye ncha butu mtu wa pili akimshika kichwa, na usimlaze mbele ya upepo wa kiyoyozi. Macho yaliyotokeza hukwaruzika upesi, na paka wa aina hii mara nyingi hawaonyeshi maumivu mpaka kidonda kimekuwa kikubwa. Kwa hiyo apimwe kwa rangi ya fluoresini kila anapokwenda kuchanjwa, na siku yoyote jicho moja likilowa kuliko mwenzake mpeleke bila kungoja kesho.