Mtoto mkubwa anakojoa kitandani: yaliyotukuta sisi na kijana wetu

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa miaka 11 anayelowesha kitanda kila siku na Januari anatakiwa aende bweni, pole aisee. Nimesoma swali lako mara mbili nikaona bora niandike kirefu maana haya yametukuta ndani ya nyumba. Naona wameshakujibu mchape, mnyime maji, mpeleke akakojolee tofali la moto. Hiyo ya tofali sisi tuliletewa na bibi yake kabisa, katoka kijijini kwa ajili hiyo, tofali likawekwa kwenye mkaa, waifu akagoma na wakanuniana wiki nzima. Nashukuru aligoma, mtoto anaweza kuungua sehemu ambayo hata kumwonyesha mtu ataona aibu.

Mimi nilikuwa upande wa fimbo, sitajificha. Wa kwangu alikuwa na miaka 9, darasa la tatu, tangu azaliwe hajawahi kuamka mkavu wiki nzima, na ile harufu ya asubuhi ilikuwa inanipandisha hasira kabla hata sijanawa uso. Nimemchapa, tena sio mara moja. Na kitu ambacho waifu alikuwa hajui ni kwamba mimi mwenyewe nimekuwa kikojozi mpaka darasa la sita, nimebebeshwa mkeka nikazungushwa mtaani watoto wanaimba nyuma yangu, wa umri wangu mnajua nachosema. Siku tumeenda kwa daktari wa watoto akauliza nani kati yenu alikuwa hivi utotoni, waifu akasema kwetu hakuna, halafu akanigeukia anasubiri na mimi niseme hakuna. Nikakaa kimya. Nilivyokaa kimya akaelewa.

Daktari hakushangaa hata kidogo. Akasema mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, mtoto ana uwezekano wa kama 4 kati ya 10, wakiwa wote wawili inapanda mpaka zaidi ya 7 kati ya 10. Akasema pia watoto wa miaka 10 kama 5 katika kila 100 bado wanakojoa usiku. Nikapiga hesabu ya darasa lake lenye watoto 60, inakuja watatu, na kila mmoja wao anajiona yuko peke yake duniani.

Alivyotueleza ni hivi, kuna homoni inayotakiwa ipunguze mkojo mtu akilala, kwa baadhi ya watoto usiku inakuwa kidogo kwaio mkojo unatengenezwa mwingi kama mchana, halafu kibofu chenyewe hakibebi vizuri, na juu ya hayo ubongo hausikii kibofu kikijaa, mtoto kalala kama gogo. Hakuna hapo mahali pa uvivu wala jeuri. Ukimchapa unamchapa mtu aliyekuwa amelala.

Sasa kilichotusaidia kuliko vyote sikukitegemea kabisa, ni daftari. Tukaambiwa wiki mbili mwandike kila kitu: amekunywa nini saa ngapi, amekojoa saa ngapi, ameenda haja kubwa lini na ilikuwaje, ameamka mkavu au amelowa. Na siku mbili tatu za wikiendi mpimeni mkojo kwa jagi lenye mistari. Kuna hesabu yake, unachukua umri unaongeza moja unazidisha kwa 30, kwaio wa miaka 9 kibofu kinatakiwa kibebe kama mililita 300, wa kwako wa 11 ni 360. Wa kwangu siku aliyojitahidi sana ilitoka 170. Na hapo alikuwa amebana kweli kweli, anarukaruka.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa kwenye mistari ya siku za shule. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi hakuna kitu, hajanywa, hajakojoa, patupu. Nikadhani anasahau kutuambia. Kumbe vyoo vya shule vichafu, milango haina komeo, wakubwa wanachungulia, kwaio dogo alishajipangia mwenyewe kwamba asinywe maji ili asiende chooni, na haja kubwa ndo kabisa, anabana mpaka nyumbani, na nyumbani nako choo kiko uani tunachangia na wapangaji wengine watatu, jioni kuna foleni. Anakaa siku nne bila choo. Sisi tunamwona anakula anacheza, nani anauliza mtoto wa miaka 9 ameenda chooni lini?

Halafu akirudi ana kiu ya jangwani, anakunywa maji, anakunywa juisi, saa mbili usiku chai ya rangi na chakula, saa tatu kalala. Mzigo wote wa siku unaingia jioni. Na daktari alivyomminya tumbo akasema limejaa, choo kigumu kimekaa nyuma kinasukuma kibofu, kibofu kinakosa nafasi. Yaani tulikuwa tunahangaika na usiku wakati kazi ilikuwa mchana.

Akaandikiwa dawa ya maji ya kulainisha choo, ya kutumia kwa miezi sio siku mbili, na papai, na mboga za majani, na kila baada ya kula akae chooni dakika kumi hata kama hajisikii, miguu imekanyaga kigoda maana pale hospitali walisema miguu isining'inie. Maji tukageuza: chupa moja aimalize kabla ya saa nne asubuhi, nyingine mchana, kuanzia saa kumi na mbili jioni kidogo tu, na chai ya majani na soda za kola zikaisha jioni. Sio kumnyima maji jamani, jumla yake alikuwa anakunywa mengi kuliko mwanzo. Shuleni waifu aliongea na mwalimu wake wa darasa pembeni, mwanamama mstaarabu sana, akawa anamruhusu kutumia choo cha walimu wakati wenzake wako darasani. Hiyo peke yake sijui nimlipe nini yule mama.

Miezi miwili tukatoka usiku saba kwa wiki tukafika mitatu minne. Hatukutumia kitu kingine chochote.

Kuhusu kumwamsha usiku, tulikuwa tunamwamsha saa tano, namshika mkono anakojoa kwenye ndoo huku macho yamefumba, asubuhi hakumbuki. Daktari akasema inaokoa shuka, sio vibaya kama unaokoa shuka, ila haimfundishi kitu. Kinachofundisha ni kengele. Ni kidude kinabanwa kwenye chupi, tone la kwanza likitoka kinalia. Madukani sikuiona, shemeji yangu yuko Uingereza akatutumia. Wiki tatu za kwanza iliamsha nyumba nzima, iliamsha na mpangaji wa chumba cha pili, yeye mwenyewe hakusikia. Wengi wanaachia hapo na kusema haifanyi kazi. Kazi ya mzazi ni kuamka, unamwamsha mpaka afungue macho azime mwenyewe, aende amalizie kukojoa, abadilishe nguo. Nilikuwa naenda kazini kama zombi. Wiki ya nne nikaanza kumkuta ameshaamka, baada ya hapo doa likawa dogo, kama mwezi wa tatu akafikisha usiku 14 mfululizo mkavu, ndo kipimo tulichopewa cha kuiacha. Akapata malaria akarudi nyuma wiki mbili, tukaivaa tena, ikaisha.

Wa kwako kwa sababu ya bweni waulize kuhusu vidonge vya desmopresini, hivyo vinafanya kazi ya ile homoni. Sisi tulivitumia Desemba tu tulipoenda kulala kwa ndugu. Vinazuia usiku uliomeza, ukiacha wengi wanarudi palepale, ila kwa mtoto anayeenda kulala na wenzake 40 chumba kimoja ni heshima kubwa. Sharti lake usilifanyie mchezo: kuanzia lisaa limoja kabla ya kumeza mpaka masaa nane baada ya kumeza asinywe maji, kiu ikimshika sana basi funda tu, maana maji yakizidi mwilini chumvi ya damu inashuka mpaka anaweza kupata degedege. Kwaio daktari aandike, na ajaribu akiwa nyumbani kwanza, sio siku ya kuripoti bweni. Na mwambie matroni au patroni mapema, mwenyewe, ana kwa ana, umwombee kitanda cha chini karibu na mlango. Shuka za rangi nzito pea tatu, godoro livishwe mpira kwa chini ya shuka usionekane.

Nimesahau jambo. Hayo yote ni kwa mtoto ambaye hajawahi kukauka. Kama wa kwako alishakauka hata miezi sita halafu ameanza upya, hiyo ni habari nyingine, mpeleke apimwe mkojo kwanza, inaweza kuwa UTI, na kama anakunywa maji sana na anakonda wahi siku hiyohiyo apimwe sukari. Mkojo wenye damu, hasa mkiishi huku kanda ya ziwa na anaogelea, fikiria kichocho. Mwenye selimundu figo zake hazibani mkojo vizuri, wa kwake usimlinganishe na wengine. Anayekoroma na kulala mdomo wazi aangaliwe nyama za puani. Na kuna wale wanaoanza kukojoa kwa sababu kuna mtu anawafanyia kitu, ukiona amebadilika anaogopa mtu fulani, kaa naye uulize taratibu.

La fimbo nilimalizana naye hivi. Nilimkalisha nikamwambia baba yako alikojoa mpaka darasa la sita. Hakuamini, akamuuliza bibi yake. Bibi akasema alikuwa analowesha mpaka godoro la mgeni, na akaongeza mengine ambayo hayakuhitajika. Dogo alicheka mpaka akalala chini, na tangu siku hiyo asubuhi shuka anazitoa mwenyewe anaziloweka kwenye beseni, hafichi tena chini ya kitanda.

Hebu nijibu haya: alishawahi kukauka? Choo kikubwa anapata mara ngapi kwa wiki, sio unavyodhani, muulize yeye. Na anakoroma? Daftari anza leo hii, ukienda hospitali nalo utaokoa safari nzima.