Maswali ya Wasomaji: Stylistics, Shemeji na Kreti la Soda

SWALI: Shikamoo anko. Mi na shemeji yangu tunabishana tangu sherehe ya kipaimara cha mtoto, DJ alipiga ule wimbo wa Stylistics, lile kundi la soul la Marekani, You Make Me Feel Brand New, shemeji akasema anaanza mwanaume halafu anapokewa na mwanamke, mi nasema ni mtu mmoja anabadilisha tu sauti. Tumewekeana kreti la soda. Nani kashinda? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Hilo kreti changieni nusu kwa nusu maana wote mmekosa. Ni wanaume wawili. Yule anayeanza na sauti ya kifua, nzito ya kubembeleza, anaitwa Airrion Love, na anayempokea huko juu ni Russell Thompkins Jr., mwanaume kabisa huyo, anaimba kwa sauti ya kubana. Sasa kwenye nyimbo zao kali karibu zote unayemsikia mbele ni Thompkins, hapa ndo Love kapewa nafasi ya kufungua mlango, ndo maana watu wanachanganyikiwa. Uweke tena wimbo uvae hedifoni: Love anamaliza maneno yake taratibu kama mtu anayeongea na mkewe sebuleni, halafu Thompkins anaingia wala hapigi kelele, na japo yuko juu vile kila neno unalisikia mpaka mwisho wake. Waimbaji wengi wakibana sauti maneno yanapotea, yeye hapana. Wimbo uko kwenye albamu ya Rockin' Roll Baby ya 1973, na 1974 ulifika namba 2 Marekani na Uingereza kote.

SWALI: Kaka habari za kazi. Naimba sauti ya tatu kwenye kwaya huku Dodoma, na kuna kikundi chetu cha harusi tunataka kuimba Betcha by Golly, Wow ya Stylistics bila vyombo. Nimekaa wiki nzima natafuta sauti nne, ya kwanza naipata, zingine nashika hewa. Masikio yangu mabovu au? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Masikio yako mazima, unatafuta kitu ambacho hakijawekwa pale. Aliyewatengenezea rekodi hizo, Thom Bell, alikuwa mtu wa piano aliyesomea muziki wa kizungu wa kinota, na pale studio ya Sigma Sound mjini Philadelphia hakuwapanga Stylistics kama kwaya. Alimweka Thompkins mbele peke yake, na zile sauti za nyuma kwenye rekodi zake siyo kundi peke yao, waimbaji wa studio nao waliingia humo. Yani kwenye jukwaa unaona wanaume watano wamevaa suti za kufanana, kwenye santuri ni habari nyingine. Kinachojaza katikati ni violini, mapembe ya kupuliza, na kwenye You Are Everything kuna ile sitar ya umeme, kama gitaa la Kihindi, inayolia mwanzoni kabisa, waliokua na picha za Kihindi wataitambua fasta. Kwa hiyo ushauri wangu, acha kutafuta sauti ya pili na ya tatu kwenye midomo yao, chukua laini ya violini uwape sauti ya pili waimbe midomo imefungwa, wewe na wenzako mshike pembe, besi afuate gitaa la besi basi.

Halafu maneno mengi ya nyimbo hizo aliandika dada mmoja, Linda Creed, ndo huyohuyo mwandishi wa maneno ya The Greatest Love of All. Alifariki kwa kansa ya matiti Aprili 1986, mwezi uliofuata wimbo huo kwa sauti ya Whitney Houston ukawa namba 1 Marekani. Hilo huwa linaniuma kila nikilikumbuka.

SWALI: Anko, nimenunua CD ya nyimbo bora za Stylistics mtaani, nyimbo ndo zenyewe ila sauti siyo ile!! Nimepigwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inawezekana ni rekodi zilizorudiwa miaka ya baadaye, mimi mwenyewe nilishalia na moja ya hivyo, kava lina picha ya zamani ndani waimbaji wengine. Bell aliachana nao 1974 na Thompkins mwenyewe akatoka kwenye kundi mwaka 2000. Pia usichanganye, ile Can't Give You Anything iliyokuwa namba 1 Uingereza 1975 ni wenyewe kabisa, ila siyo ya Bell, vyombo alipanga Van McCoy ndo maana inachezeka kidisko. Geuza kava nyuma usome maandishi madogo: ukiona jina la Avco, kampuni iliyotoa santuri zao, na miaka ya 1971 mpaka 1974 una afadhali, ukikuta wameandika imerekodiwa upya, rudisha leo kabla muuzaji hajahamisha meza.