Maswali ya Wasomaji: GiB 24 za RAM zimekwenda wapi?

SWALI: Salaam wahariri. Seva yetu ina RAM ya GiB 96 na moduli za Optane (kumbukumbu za Intel zisizopoteza data umeme ukikatika) za karibu TiB 1.5. Nimetengeneza eneo la fsdax kwenye Linux ili hifadhidata isome moduli moja kwa moja. Tangu hapo seva ikiwaka tu, kabla hatujafungua programu yoyote, karibu GiB 24 za RAM hazipo. Je, moduli ni mbovu?

JIBU: Moduli ni nzima. Kerneli, yaani kiini cha Linux, imezichukua hizo GiB 24 kwa ajili ya daftari lake la kurasa za moduli.

Kwa kawaida faili ikisomwa, kurasa zake (vipande vya data, kwa kawaida KiB 4 kila kimoja) hunakiliwa kwenye RAM. DAX, njia inayotumiwa na fsdax, iliyoingia Linux 4.0 mwaka 2015, huondoa nakala hiyo na kuielekeza programu kwenye moduli yenyewe. Lakini hata ukurasa usiokaa kwenye RAM lazima uwe na rekodi kwenye daftari hilo inayoonyesha ni wangapi wameushika. Bila rekodi hiyo, kadi ya mtandao au diski nyingine haiwezi kupokea wala kutuma data humo moja kwa moja. Rekodi yenyewe, `struct page`, ni baiti 64 kwa kila ukurasa wa KiB 4, yaani sehemu 1 ya 64. Gawa TiB 1.5 kwa 64, upate GiB 24.

Inaelekea uliandika `--map=mem`, yaani daftari likae kwenye RAM, kwa sababu ndctl (zana ya kuandaa moduli hizi) isipoambiwa kitu huliweka daftari kwenye moduli. Kulihamisha kunafuta data, kwa hiyo kwanza nakili kila kitu kwingine, kisha `umount`, halafu:

`ndctl create-namespace -f -e namespace0.0 --mode=fsdax --map=dev`

Tengeneza upya mfumo wa faili, uupachike kwa `-o dax`, uangalie `free -g`. RAM itarudi, na moduli ndiyo itakayopungua kwa kiasi kilekile. Gharama yake ni kwamba Optane ni ya polepole kuliko RAM, na kila rekodi inapoguswa utailipia. Kwa RAM ya GiB 96, sisi tungelipa bila kusita.

SWALI: Tunabadilisha baiti chache tu ndani ya faili la DAX, lakini `fsync` (amri ya kuhakikisha data imehifadhiwa) inachelewa mno. Kwa nini?

JIBU: Huenda faili lenu limepangwa kwa kurasa za MiB 2. Kerneli huweka alama ya uchafu kwa ukurasa mzima, haijui ni baiti zipi zilizoguswa. `fsync` ikifika hapo husafisha, yaani hurudisha kwenye moduli, mistari yote ya kache (vipande vidogo vya data ndani ya prosesa) ya ukurasa huo: 32,768, kila mmoja baiti 64, hata kama mliandika herufi moja.

Mkiwa na Linux 4.15 au zaidi, fungueni ramani ya faili kwenye kumbukumbu (`mmap`) kwa `MAP_SHARED_VALIDATE | MAP_SYNC`, ambayo huhakikisha mfumo wa faili umekwisha kuandika ni maeneo yapi ya faili, kisha programu isafishe yenyewe mistari iliyoiandika tu; `pmem_persist` ya libpmem (maktaba ya programu za kumbukumbu hizi) hufanya hivyo. Msitumie `MAP_SHARED` ya kawaida, kwa kuwa hiyo huipuuza `MAP_SYNC` bila kutoa kosa lolote. Mtadhani mko salama, kumbe umeme ukikatika data ipo kwenye moduli ila mfumo wa faili haujui kwamba eneo hilo ni la faili lenu.