Skrini ya jirani imetunyima usiku

SWALI: Dada, nakusalimu. Mimi ni mpangaji Roysambu, Nairobi, ghorofa ya tatu. Huu ni mwezi wa pili tangu skrini kubwa ya matangazo iwekwe juu ya paa la jengo lililo mbele yetu, kando ya Thika Road. Inawaka usiku kucha. Chumba cha watoto hugeuka chekundu, mara buluu, mara cheupe pe. Kitinda mimba wangu, ana miaka minne, huamka saa nane za usiku akidhani kumekucha. Nilimwendea mwenye jengo, akaniambia ninunue pazia zito. Je, nina haki yoyote au nihame tu?
Mama wa wawili

JIBU: Dadangu, usihame. Na hilo pazia zito nalijua, maana nililishona mwenyewe. Nilipokaa Ngara tuliwekewa skrini kama hiyo. Nikatundika kitambaa cha blanketi dirishani. Joto la Februari likajaa chumbani likakosa pa kutokea, na mwanga bado ulipenya pembeni ukachora mstari ukutani, juu ya kitanda cha binti yangu. Nililala macho nikiuhesabu. Kila sekunde 8, rangi mpya: sabuni, simu, unga, mkopo, kisha sabuni tena.

Kabla ya skrini walianza na mti. Tulikuwa na mjakaranda mbele ya lango, na siku moja ya Oktoba tuliamka tukakuta kisiki kibichi, maua ya zambarau yametapakaa juu ya vumbi la msumeno. Mti ungeziba tangazo. Mama aliyekuwa akichoma mahindi kivulini pale alifungasha jiko lake akaenda, hatukumwona tena. Uchungu wa kisiki kile sijaumaliza hadi leo.

Mwanao hakosei anapodhani kumekucha. Giza likiingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini inayoleta usingizi, na mwanga huizuia, hasa huo mweupe wenye ubuluu wa skrini. Mwili wake umeambiwa ni asubuhi.

Haki unayo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kila mtu, dadangu, si mwenye hati ya ploti peke yake. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuilinda haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara au madhara. Lakini mahakama iweke mwisho, ni njia ndefu na ina gharama.

Anza na kibali. Iandikie kaunti, idara ya mipango ya mji, uombe nakala ya kibali cha bango hilo: kilitolewa lini, kwa bango la aina gani, na kwa masharti yapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Sisi tulipokipata chetu, tulikuta kiliandikwa bango la turubai, wala hakikutaja skrini. Karatasi ile moja ilitusaidia kuliko kelele zote tulizopiga langoni.

Katika barua yako usiandike kwamba bango linaudhi macho. Watakuambia hayo ni maoni yako. Andika saa. Lala kitandani pa mtoto, piga video saa nane za usiku, saa ya ukutani ionekane ndani ya picha. Wapangaji wa upande wenu watie sahihi. Sisi tulikuwa 14. Kisha ombeni jambo moja tu: skrini izimwe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Mwenye jengo analipwa kodi kwa ajili ya paa lake, kwa hiyo atasema biashara itakufa. Mwambie kuhusu São Paulo, Brazil: mwaka 2006 jiji lile kubwa lilipitisha sheria ya kuondoa mabango yote ya matangazo ya nje, ikaanza kutumika 2007, na biashara zinaendelea. Ninyi hamwombi aondoe chochote. Mnaomba giza la kulaza watoto.

Kwetu ilichukua miezi saba. Usiku wa kwanza ilipozimwa, binti yangu aliniita akauliza kama stima zimepotea.

Barua iwe na nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Siku 21 zikipita kimya, peleka nakala hiyo kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma; ndiyo inayoisimamia sheria hiyo ya habari. Na ukijibiwa, niandikie unijulishe kibali kinasema nini.