Hali fiche na Wi-Fi ya ofisini
Je, ukitumia Wi-Fi ya ofisini, hali fiche ya Chrome, ile inkognito, inamzuia mtu wa IT kuona umeingia tovuti gani? Hapana. Ukifunga dirisha inafuta historia na vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huacha) kwenye kifaa chako, basi. Inakukinga na atakayekaa kwenye kompyuta hiyo baada yako. Anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni, inabaki ileile, na mwenye Wi-Fi kwa kawaida anaona jina la tovuti hata kama yaliyomo yamefichwa na HTTPS, ule usimbaji wa tovuti. Google wenyewe walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya data za watu waliodhani wamejificha humo, na 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

Inayoficha IP ni Tor, mtandao wa kuvinjari bila kujulikana. Inapitisha mawasiliano kwenye kompyuta tatu za watu wanaojitolea, na hakuna hata moja inayojua wewe ni nani na unaenda wapi kwa pamoja. Ila nayo ina mwisho wake. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya bomu kupitia Tor ili akwepe mtihani (akili za wapi hizo!), lakini alitumia Wi-Fi ya chuo. Wapelelezi wakaangalia nani alifungua Tor muda ule, wakamfuata, akakiri.

Na kama kompyuta yenyewe ni ya ofisi, huenda ina programu ya ufuatiliaji inayosoma skrini moja kwa moja. Tumia simu yako na bando lako.