Nyuma ya jukwaa: majibu kwa wanaotaka kujitolea kwenye sauti na taa

Kila tamasha la mashabiki linapokaribia hapa Kampala, simu yangu hujaa maswali. Nazungumzia makutano ya wapenzi wa katuni, anime, michezo ya video na hadithi za kubuni za sayansi, yale ambayo watu huja wamevaa kama wahusika wanaowapenda, yaani kosplei. Mimi huko hukaa nyuma pamoja na nyaya, miksa ya kusawazisha sauti na taa. Haya ni baadhi ya maswali niliyopata wiki hizi, na nimeyafupisha kidogo.

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, niko Jinja. Sijawahi kugusa miksa hata siku moja. Watanipokea kweli?

Watakupokea kwa mikono miwili. Sijaona tamasha lenye watu wa kutosha asubuhi ya kwanza. Siku hiyo miksa inaguswa na mtu mmoja tu, wengine wote tunabeba. Spika zinashushwa kwenye lori, stendi zinasimamishwa, nyaya zinatandazwa, na kila mahali watu watakapopita waya unabandikwa teipu chini ili mtoto asijikwae.

Ukitaka kiongozi wa mafundi akukumbuke jioni hiyohiyo, jifunze kukunja waya. Wengi wetu tulizoea kuuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, kama kamba ya mbuzi. Waya wa maiki ukikunjwa hivyo unasokoteka kila mzunguko, nyuzi za shaba za ndani zinachoka, na siku moja unakatika karibu na plagi huku kwa nje unaonekana mzima. Sisi tunafanya hivi: mzunguko wa kwanza unaingia kiganjani kawaida, wa pili unageuza kifundo cha mkono ili waya uingie kwa upande wa chini, wa tatu kawaida, wa nne kwa chini tena. Msokoto wa huu unafuta msokoto wa ule. Ukimaliza, shika ncha moja urushe, na waya wa mita 20 unanyooka sakafuni bila fundo hata moja. Mara ya kwanza kuonyeshwa nilimwomba yule fundi arudie mara tatu. Fanyia mazoezi ekstensheni ya nyumbani mpaka mkono uzoee wenyewe.

Na kama una hamu ya miksa, usingoje tamasha. Nenda kanisani kwenu Alhamisi jioni kwaya inapofanya mazoezi, uombe kukaa kando ya anayeshika sauti. Mafundi wengi wazuri wa nchi hii wametoka huko. Au kaa kibanda cha video umtazame VJ anayetafsiri filamu papo hapo kwa Kiganda. Mdomo wake unasimulia, na mkono mmoja unashusha sauti ya filamu kila anapoanza kusema na kuipandisha anaponyamaza, bila kuangalia. Huo mkono ndio unaotafutwa kwenye miksa.

Sisi ni kikundi cha Gulu. Tulikodi jenereta ya kVA 10, taa zote zilipowashwa ikazima. Mwenye jenereta alisema kosa ni letu. Ni kweli?

Kosa mmegawana. Yeye alipaswa kuwauliza mtawasha nini, na nyinyi mlipaswa kupiga hesabu kabla ya kulipa.

Jenereta ya kVA 10 haitoi kilowati 10. Kwa kawaida zidisha kwa 0.8, unapata kilowati 8, na mtu mwenye busara haivushi robo tatu ya hapo, yaani kilowati 6. Sasa angalieni taa. Zile za zamani za balbu zinazotoa joto kali, nyingi ni wati 1000 kila moja. Mkiwa nazo nane, kilowati 8 zimekwisha kabla amplifaya haijawashwa. Tena balbu ya aina hiyo ikiwa baridi huvuta umeme mara nyingi zaidi kwa nukta ya kwanza, kwa hiyo kuziwasha zote kwa mpigo ni kuipiga jenereta ngumi. Ombeni taa za LED. Moja hutumia wati mia na kitu, na mkononi haiunguzi. Mkikosa, washeni za balbu moja moja.

Soketi nayo ina kikomo. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni wati 3120, yaani taa tatu za zamani, basi. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu fungueni yote hata kama mnahitaji mita tano tu, kwa sababu ikibaki imejikunja huku inavuta umeme mwingi inapata joto hadi plastiki iyeyuke. Jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha, maana moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Na msimu wa mvua, kila kiunganishi kiinuliwe juu ya tofali au kreti.

Stima ikikatika katikati ya shughuli, zimeni amplifaya kwanza, hata kama ukumbi mzima unapiga kelele. Ikirudi, ngojeni dakika chache itulie. Spika huwashwa mwisho na huzimwa kwanza, siku zote. Kama mna UPS moja tu, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, ipeni projekta ya balbu na miksa ya kidijitali. Projekta hiyo inahitaji feni yake iendelee kuzunguka ili balbu ipoe, na miksa ikizima ghafla mtangoja iwake upya huku watu wanawatazama.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Kwenye ukumbi mmoja nilikuta plagi zimekatwa pini ya ardhi ili kuondoa mvumo kwenye spika. MC aliposhika maiki huku mkono mwingine uko kwenye stendi ya taa, alitetemeshwa mbele ya watoto. Alipona, lakini sijasahau uso wake. Mvumo huondolewa kwa kuchukua umeme wote wa sauti sehemu moja, au kwa kutumia kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha ala au laptopu na miksa, chenye swichi ya kukata ardhi upande wa sauti peke yake. Pini ya ardhi ya umeme haikatwi.

Nimeagiza maiki nne zisizo na waya, za mtumba kutoka Marekani, bei nzuri sana. Nyumbani Mbarara zinafanya kazi, ukumbini zinakwaruza. Nimepigwa?

Huenda ndiyo, ndugu yangu. Geuza kipokezi usome masafa yaliyoandikwa nyuma. Marekani ilizuia maiki kwenye megahezi 700 mwaka 2010, na mwaka 2020 ikazuia sehemu kubwa ya 600, kwa kuwa masafa hayo yalipewa mitandao ya simu. Maiki zilizofungiwa kule zikatafuta wanunuzi kwingine, ndiyo sababu bei inavutia. Upande wetu wa dunia, Afrika na Ulaya, masafa ya 700 na 800 nayo yametengewa simu. Kwa hiyo sebuleni uko peke yako na maiki inapeta. Ukumbini kuna mamia ya simu mifukoni. Mwenye mamlaka ya masafa hapa ni UCC, yaani tume ya mawasiliano ya Uganda, waulize wao kipi kinaruhusiwa kabla hujanunua tena.

Kama masafa yako ni salama, basi tatizo ni mahali ulipoweka kipokezi. Kisifichwe nyuma ya miksa mwisho wa ukumbi. Kisogeze karibu na jukwaa, antena zione maiki bila miili ya watu kati. Betri mpya kabla ya shindano kuu, hata kama za zamani zinaonyesha nusu. Na usikose maiki mbili za waya. Shure SM58 ilianza kuuzwa mwaka 1966 na bado ndiyo ninayoikimbilia mambo yakiharibika.

Fundi, mimi ni mama, naishi Nansana. Binti yangu ana miaka 17 anataka kujitolea kwenye hiyo kazi ya taa. Anasema watamaliza usiku. Nimruhusu?

Asante kwa kuuliza, mama. Wazazi wengi hawaulizi, na waandaaji wengi wanafurahi wasipoulizwa.

Kazi yenyewe ni nzuri kwa msichana, na tunawahitaji. Wengi wa wanaopanda jukwaani ni wasichana waliovaa mavazi magumu, na mtu wa kumpachika maiki ndani ya vazi anafaa awe mwanamke mwenzake. Lakini kabla hujakubali, piga simu. Mwombe anayesimamia mafundi, siyo mtu wa tiketi, akwambie haya: binti atakula nini na saa ngapi, kuna mwanamke mwingine mtu mzima kwenye kikosi, na nani anamrudisha nyumbani. Hilo la mwisho ndilo langu kubwa. Tamasha likiisha saa nne usiku, kupakia vifaa kunaweza kufika saa saba, na saa hiyo asiachwe atafute boda peke yake. Akikujibu "tutaona", basi binti afanye zamu ya mchana tu na saa kumi na mbili jioni awe njiani. Mchana kuna kazi tele, wala hatakosa cha kujifunza.

Ngazi asipande. Kufunga taa juu ni kazi ya mtu mzima aliyefundishwa, mwenzake akiishika ngazi chini, na kila taa iwe na mnyororo wake wa usalama zaidi ya ndoano. Mnunulie pia vizibo vya masikio. Kwa kipimo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini, desibeli 85 ni salama kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100, yaani karibu na spika kubwa za jukwaa, una dakika 15. Vijana wanaona vizibo ni aibu. Mimi huvaa, na kikosi changu chote huvaa.

Kwa nini mafundi mnakataa simu yangu? Nilikuwa na wimbo wangu wa shindano la kosplei kwenye simu, nikaambiwa nimechelewa. Nimeshona miezi minne!

Pole sana, dada. Nasema pole kwa dhati, kwa sababu najua maana ya kuzunguka Kiyembe kutafuta kitambaa cha rangi moja tu. Lakini nikuonyeshe upande wetu. Washindani ni thelathini. Simu yako inafunguka kwa alama ya kidole chako, nawe umevaa glavu. Mama anapiga simu wimbo ukiwa katikati. Sauti ya wimbo wako iko chini kuliko ya aliyekutangulia, kwa hiyo aliye kwenye miksa anapandisha, halafu anayefuata analipua spika.

Leta wimbo siku mbili kabla, kwenye flashi, jina la faili likianza na namba yako ya zamu. Ukate wewe mwenyewe uanze pale unapotaka kuanza. Usituambie "ruka mpaka dakika ya pili". Andika mistari mitatu: naingia upande gani, muziki uanze nikiwa nimesimama au natembea, taa zizimwe lini. Kama vazi linakuziba macho, tuambie, ili tukuwekee mtu wa kukushika mkono gizani na teipu nyeupe ukingoni mwa jukwaa. Na kama unataka taa za kumetameta, zitangazwe kwa watazamaji mapema, kwani zinaweza kumwangusha mwenye kifafa.

Kule nyuma tunaongea kwa hedseti, na kuna neno "sasa" ambalo halitamkwi ovyo. Msimamizi anasema, "Taa ya 12, jiandae." Kisha, "Sasa." Akisema "sasa hivi mshindani anakuja", kidole cha mtu kimeshabonyeza. Hata kuuliza saa tunauliza kwa njia nyingine.

Tunalipwa?

Mmoja wa mikutano ya mashabiki ya kale zaidi inayoendelea, Worldcon, ulianza New York mwaka 1939, ukasimama miaka ya vita, na hadi leo unaendeshwa na watu wa kujitolea. Hata viongozi wake hununua uanachama kama mshabiki mwingine. Haujawahi kufanyika Afrika, nami natamani siku ukija uwakute mafundi wetu wako tayari. Kujitolea kwa namna hiyo nakuunga mkono. Lakini mfanyabiashara anayeuza tiketi ghali, ana wadhamini wa bia na msanii mkubwa, kisha anaita kijana abebe spika bure "apate uzoefu", huyo alipe. Na hata pasipo mshahara, maji, chakula cha moto na nauli ni haki yako. Rolex moja, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, saa tisa mchana kwa aliyeamka saa kumi alfajiri si chakula.

Spika zetu hupiga mluzi kila MC akishuka kwa watu. Arua.

Anapita mbele ya spika, na maiki inasikia sauti yake yenyewe. Sogeza spika mbele zaidi ya mahali anapotembea, na umkataze kufumbata kichwa cha maiki kwa kiganja. Wanadhani inapendeza, kumbe wanaifanya isikie pande zote.

Nilijitolea mara moja. Sikuona chochote, nilikuwa nyuma ya pazia siku nzima. Ndivyo ilivyo?

Ndivyo, na mwenye kukuahidi vingine anakudanganya. Omba nusu siku yako mapema, iandikwe kwenye ratiba, na uitumie yote ukiwa na nguo zako za kawaida. Ila nyuma ya pazia kuna vitu. Mwaka fulani alikuja kijana mwenye deraya ya maboksi, ameipaka rangi ya fedha, bega moja limeachia mvuani. Tulikuwa na dakika nne. Mwenzangu alipiga magoti akalifunga kwa teipu yetu nyeusi, kijana akiwa ameinua mkono na anasoma sala kwa Kiganda, polepole. Kisha nikasikia kwenye hedseti, "Jiandae."

Tamasha likiisha naweza kuondoka moja kwa moja?

Ukiwa ulisema asubuhi, nenda salama. Usiposema, tunakutegemea, maana mikono ya kupakia siku zote ni michache kuliko ya kushusha. Vaa glavu, kunja waya kama nilivyoeleza juu, na usifunge kasha mpaka orodha imesomwa kwa sauti. Vinavyopotea ni vidogo: adapta ya laptopu, klipu ya maiki, rimoti ya projekta. Mkihesabu maiki saba badala ya nane, toka nje umtafute MC. Mara nyingi bado anapiga picha na mashabiki, maiki iko mkononi.