Maswali yenu kuhusu sheria ndogo za usafi Moshi

Mwezi huu karibu wote mmeniuliza kuhusu usafi na mazingira hapa Manispaa. Nimechagua manne.

Nauza chakula Mbuyuni. Bwana afya anataka nikapime kila baada ya miezi 6 na mimi siumwi. Huu si usumbufu? (Mama lishe)

Pole mama, najua siku ya kupima ni siku bila mauzo. Lakini taifodi ina tabia mbaya: mtu anapona, anarudi kazini mzima kabisa, huku vijidudu vikiendelea kutoka na kinyesi chake kwa miezi, wengine kwa miaka. Asiponawa vizuri vinaishia kwenye sahani ya mteja. Ndiyo maana unapimwa hata kama huumwi.

Ila cheti peke yake hakitoshi. Kuna mama karibu na stendi ninapokula maharage asubuhi. Ndoo yake ina koki, iko juu ya stuli, na kipande cha sabuni kinaning'inia ndani ya wavu wa vitunguu kisidondoke mchangani. Ukisahau kunawa, hakupakulii. Maji yale anayabeba mwenyewe kutoka mbali. Madiwani wakijadili ada na vyeti, naomba sana wajadili na bomba la maji karibu na wanaopikia watu.

Nilidondosha ganda la muwa, mtu aliyejiita mgambo akanidai 50,000 taslimu, bila risiti. Ni halali? (Bodaboda, Majengo)

Ganda ni kosa, hapo sikutetei. Moshi imepata jina la usafi kwa ukali huohuo na mimi nauunga mkono. Lakini faini ya halmashauri haiingii mfukoni mwa mtu: unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unapata stakabadhi. Kulipa bila kufika mahakamani ni kukubali kosa, wanasheria wanasema kulififilisha. Ukilikataa, una haki ya kupelekwa mahakamani ukajieleze. Anayetaka taslimu muombe kitambulisho, kisha mfikishe kwa mtendaji wa kata. Hela ile haitanunua hata pipa moja la taka.

Mchicha wangu uko kando ya mto Karanga, naambiwa niondoke. Diwani anaweza kuniombea? (Mkulima)

Hawezi, kaka. Mpaka wa mita 60 kutoka mtoni, ambao ndani yake hupaswi kulima, umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Ni sheria ya Bunge, na sheria ndogo haiwezi kuipunguza. Najua inauma. Lakini udongo uliolimwa ukingoni unakwenda na mvua ya kwanza ya masika, pamoja na dawa uliyopulizia, na chini yako kuna wanaochota. Unachoweza kudai ni kupimiwa: afisa mazingira aje na tepu, uwepo, muone mpaka unapoangukia.

Sheria ndogo ikija, sisi tunaambiwa imeshapita. Tunaingilia wapi? (Mama wa Pasua)

Mapema, dada. Rasimu lazima itangazwe kwa wakazi wapate kuipinga au kuiboresha. Ndipo inapitishwa na Baraza la Madiwani, inakwenda kwa waziri, na haitumiki mpaka itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Baraza hukutana kila miezi 3 na milango iko wazi, ila mwananchi huingia kusikiliza, hachangii. Kwa hiyo mbane diwani wako kabla ya kikao, na suala lifike kwanza kwenye kamati ya mipango miji na mazingira. Pingamizi liandike, taja kifungu kinachokuumiza na useme ungetaka kisomekeje. Peleka nakala 2 ofisi ya halmashauri, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.